Mguu Unaangalia Dirisha



Juma lililopita, katika mkutano wetu, mama mmoja aliuliza sababu gani mashini yake ya zamani inashona mstari wa kupinda, hata akishika kitambaa kwa nguvu zote. Wengi walicheka, na kila mmoja akatoa dawa yake: badilisha uzi, kaza visi, tia mafuta, tafuta mshonaji mwingine. Mimi nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo, lakini limefungana na jambo linalonipa haya, na nilijua nikianza kueleza moja nitalazimika kueleza na la pili. Basi nimeona heri niandike, maana karatasi haiwezi kunitazama usoni.

Wengi mnanijua. Mimi ni mwalimu wa masomo ya msingi hapa Bukavu. Nilisomea ISP, nikapata diploma yangu, na tangu siku ile ninashika chaki. Mshahara wa mwalimu sina haja ya kuueleza. Nusu yenu ni walimu, na nusu nyingine mmeolewa na walimu. Tangu mwaka wa 2019, masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa kuwa ya bure, ile primu tuliyokuwa tukipata kutoka kwa wazazi ilikwisha. Kwa watoto ni jambo jema, sisemi kinyume. Lakini kila mwalimu alibaki akitafuta namna ya kuziba shimo nyumbani kwake. Mwingine anauza makala, mwingine anafuga nguruwe. Mimi ninashona nguo za masomo: shemizi nyeupe, jipe na suruali za bulu. Mwezi wa nane ndio mavuno yangu. Feza ninayopata mwezi ule ndiyo inayolipa kaye na viatu vya watoto wangu mwenyewe.

Mashini ninayoshonea ni ya marehemu mama yangu. Ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu. Maua yake ya dhahabu yamefutika mahali pale mkono wa mama ulipokuwa unapumzika. Ina kibandiko kidogo cha shaba kilichoandikwa 15K. Kwa miaka yote nilidhani ni namba tu, mpaka papa fundi, nitakayemweleza mbele, aliponiambia kwamba ile K ni ya Kilbowie, jina la kiwanda kilichokuwa Clydebank, huko Scotland, na kwamba kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka wa 1980. Maana yake ni kwamba mashini hii inanizidi umri. Na minerval yangu yote ya ISP ilipita chini ya sindano yake.

Mama alipofariki tulihamisha vitu vyake kutoka Kadutu mpaka Panzi. Miteremko ya Kadutu mnaijua, na siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Kijana aliyebeba kichwa cha mashini aliteleza, mashini ikaanguka kwa ubavu, upande ule ule wa sindano. Tulipiga makelele, tukaipangusa matope, tukazungusha gurudumu, ikazunguka. Tukasema asante, haikuvunjika. Kisha ikakaa miaka miwili chini ya kikwembe, na juu yake tukaweka redio. Nilikuwa sijapata moyo wa kuifunua.

Mwaka uliofuata nilipokea maombi ya shemizi nyingi kuliko mikono yangu miwili inavyoweza. Yaya wangu anayeishi Bagira ana binti wa miaka kumi na saba, aliyeacha masomo katika mwaka wa nne wa sekondari kwa kukosa feza. Alikuwa amejifunza kukata na kushona kwa mwaka mmoja, ana mkono mwepesi, tena hasemi sana. Yaya akanitumia binti. Tulikubaliana nitamlipa kwa kila shemizi, si mwisho wa mwezi, kwa sababu nilitaka ajue thamani ya jasho lake. Nilijiona mtu mwema kabisa.

Siku ya pili au ya tatu, mimi nikiwa mezani nahesabu madeni, aliita:

"Mama mdogo, mguu wa mashini hii unaangalia dirisha."

Alikuwa anasema juu ya ule mguu wa chuma unaokandamiza kitambaa. Mimi, bila kuinua kichwa, nilijibu: "Wewe angalia kitambaa, acha dirisha." Nilicheka mwenyewe kwa jibu langu. Yeye hakucheka. Akaendelea kukanyaga.

Alishona shemizi nane. Nilizipiga pasi kwa haraka, usiku, kwa mwanga wa taa ndogo, nikazikunja. Sikuzigeuza ndani. Ninyi mnaoshona mnajua kosa lile.

Kisha alikuja mama mmoja, mteja wa watoto wawili. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alitandika shemizi mbili juu ya meza yangu, akazigeuza ndani, akaweka kidole begani. Mstari wa bega ulikuwa unatembea kama mtu aliyetoka kunywa kasiksi, anakwenda kulia, anajikumbuka, anarudi. Na ukikaribisha macho, hata mishono yenyewe, mmoja mmoja, ilikuwa imelala ubavu, kama mvua inayosukumwa na upepo wa ziwa.

"Mwalimu," alisema, "mtoto atavaa hii mbele ya bendera?"

Nikajibu, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema: "Nisamehe, mama. Huyu mtoto bado anajifunza. Mikono yake haijapata akili."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na beseni ya maji. Aliiweka chini polepole bila kumwaga hata tone, akatoka. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwenda kwao Bagira. Alikuwa amekunja vitambaa vyote vilivyobaki, amepanga pini katika kopo lake, na amefagia chini ya mashini.

Nilisema: sawa, nitawaonyesha namna ya kushona. Nikakaa mwenyewe. Nilikanyaga bega moja, pole pole, na macho yameshika kitambaa kama ya paka. Nilipoligeuza, mstari ulikuwa umepinda namna ile ile. Nikashona lingine. Namna ile ile. Nilibaki nimekaa pale, miguu juu ya pedali, na nakumbuka nilitazama mlango kwanza kuona kama kuna mtu ameniona.

Sasa ningepaswa kwenda Bagira siku ile ile. Sikwenda. Nilijiambia kwamba kwanza nitengeneze mashini, ndipo nitakuwa na neno la kusema. Nikaanza kuhangaika peke yangu, na makosa yangu nawapa bure.

Nilikaza ile visi ya ubavuni inayobana uzi wa juu. Uzi ukaanza kukatika, na kitambaa kikajikunja kama paji la uso wa mzee. Nikailegeza, uzi ukafanya mafundo chini. Nilinunua uzi mwingine wa bei kubwa: mstari ule ule. Jirani yangu, kwa mapendo, aliniambia mashini ina kiu, akaniletea mafuta ya kupikia ndani ya kikombe. Wamama, msifanye hivyo hata siku moja. Mafuta ya kupikia yanapokaa ndani ya chuma yanakuwa kama gundi, gurudumu linakuwa zito, na kuyatoa ni kazi ya kuosha kwa petroli na brashi, tundu kwa tundu. Mashini inataka mafuta yake, yale mepesi na meupe ya chupa ndogo, tone moja moja pale chuma kinaposuguana na chuma.

Siku ya tatu nilifungua visi mbili za nyuma, nikatoa kichwa cha mashini kwenye meza yake, nikakifunga kwa kikwembe, nikapanda nacho pikipiki mpaka soko la Kadutu. Dereva aliniuliza kama ninabeba mawe. Kuna mzee mmoja pale anayetengeneza mashini chini ya bashe, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wote wanamwita papa fundi, nami nilimwita hivyo.

Nilianza kumwelezea: uzi, visi, mafuta, mpwa wangu. Aliinua mkono.

"Mwalimu, una kaye?"

Mwalimu gani anakosa kaye ndani ya saki? Nilimpa. Alichana ukurasa mmoja, ule wenye mistari. Kisha akafanya jambo ambalo sikulifikiria: alitoa uzi wote, wa juu na wa chini, akatoa hata kaneti. Sindano ikabaki tupu. Aliweka ukurasa chini ya sindano, ncha ikiwa juu ya mstari wa bulu kabisa, akashusha mguu, akaondoa mkono wake wa kushoto na kuuweka juu ya paja. Kwa mkono wa kulia akaanza kuzungusha gurudumu, taratibu, akielekeza juu upande wake. Sindano ikawa inatoboa karatasi, tik, tik, tik, na meno ya chini yanaipeleka.

Matundu ya kwanza yalikaa juu ya mstari. Kisha yakaanza kuondoka. Kwa urefu wa kiganja changu yalikuwa yamevuka na kugusa mstari wa pili.

"Kila mashini usipoishika inakwenda kando kidogo," alisema. "Lakini hii inakimbia. Sasa niambie, mwalimu. Uzi hakuna. Mkono hakuna. Nani amepinda mstari?"

Sikujibu. Nilikuwa namwona binti mlangoni na beseni yake.

Alinieleza kwamba nilikuwa na magonjwa mawili, na kwamba watu wengi wanayachanganya, kwa hiyo wanatibu moja na kuacha jingine. Ugonjwa wa kwanza ni mstari mzima kwenda upande. Huo unatoka kwenye vitu vinavyotembeza kitambaa: mguu wa juu na meno ya chini. Ugonjwa wa pili ni mshono mmoja mmoja kulala ubavu, hata kama mstari wenyewe umenyoka. Huo unatoka kwenye sindano na uzi. Ukurasa bila uzi unatenganisha: matundu yakipinda, tafuta kwenye mguu na meno, matundu yakinyoka lakini mishono imelala, tafuta kwenye sindano. Mimi nilikuwa nimebarikiwa yote mawili.

Alianza na sindano. Aliitoa, akaizungusha kati ya vidole, akanipa. "Ubavu wake uko wapi?" Niliangalia. Sindano ya mashini hizi za nyumbani, sehemu yake nene ya juu si ya duara kamili. Upande mmoja umekatwa, ni bapa. Bapa ile ndiyo inayoilazimisha kukaa namna moja tu. Yangu ilikuwa duara pande zote. Ilikuwa sindano ya mashini za viwanda, ambayo niliinunua sokoni moja moja bila paketi, kwa sababu ilikuwa ya bei ndogo. Shingo yake ni nyembamba kuliko inayotakiwa, kwa hiyo haikai imara, na kwa kuwa haina bapa, inaweza kugeuka ukiifunga au ikigonga upindo mnene. Tundu la uzi likigeuka kidogo tu, uzi unaingia kwa kiguu upande, na mshono unalala. Ikigeuka zaidi, mishono inaanza kurukwa. Tena ilikuwa namba 18, nene, ambayo niliipenda kwa sababu haivunjiki. Katika kitambaa chepesi cha shemizi, sindano nene inaacha tundu kubwa, na uzi mwembamba unapata nafasi ya kulala ndani yake kama mtu mmoja katika kitanda cha watu watatu. Hayo ni maneno yake, si yangu. Alinipa yenye bapa, namba 14, ambayo kwenye paketi imeandikwa 90/14, kwa ajili ya shemizi. Kwa suruali nene alisema 100/16.

Namna ya kuiweka inategemea mashini. Kwa hii yangu, ambayo kaneti yake inaingizwa kutokea upande wa kushoto, bapa ya sindano inaangalia kushoto, na uzi unapita kutoka kulia kwenda kushoto. Kumbe mimi, tangu utoto, nilikuwa nikiona mama anapitisha uzi hivyo na sikuwahi kuuliza kwa nini. Sababu ni kwamba ndoana inayokamata uzi iko upande huo wa kushoto, na bapa lazima itazamane nayo. Mashini nyingine ni tofauti. Kama yako ina namna nyingine, angalia ndoana iko upande gani. Sindano inasukumwa juu mpaka igome, ndipo visi inakazwa.

Kisha akaja kwenye mguu. Alinyanyua miwani, akainama mpaka pua yake ikawa karibu na bamba, akatazama kwa mbele, kama mtu anayetazama kama ukuta umenyoka. Akaniita nami nitazame. Vidole viwili vya mguu vilipaswa kuwa sambamba na safu za meno chini yake. Havikuwa. Vilikuwa vimegeuka kushoto, kidogo, labda upana wa nyuzi mbili. Mguu ukigeuka hivyo, unakandamiza kitambaa zaidi upande mmoja, na upande mwingine unatembea mbele ya mwenzake. Meno yanapeleka mbele, mguu unavuta kando.

"Mashini hii ilianguka," alisema papa fundi. Hakuuliza.

Alijaribu kwanza kulegeza visi ya mguu wenyewe na kuukaza tena, maana mara nyingine ni hiyo tu. Haikutosha. Basi akafungua bamba la ubavuni, lile lenye nakshi, na ndani nikaona kwa mara ya kwanza fimbo mbili za chuma, moja ya sindano na moja ya mguu. Fimbo ya mguu inashikwa na kibano chenye visi. Kwa pigo la kuanguka fimbo ilikuwa imejizungusha ndani ya kibano. Alishusha mguu juu ya kipande cha kitambaa ili usiruke kwa nguvu ya risoti, akalegeza visi nusu mzunguko, akashika mguu kwa vidole, akaugeuza mpaka ukalingana na meno, akazungusha gurudumu kwa mkono kuona kama sindano inashuka katikati ya vidole bila kugusa, akakaza. Sijui kama ilichukua dakika tano. Kazi hiyo si ya kujaribu na kisu cha jikoni, wamama. Turnevisi isiyolingana inakula kichwa cha visi, na baadaye hata fundi hawezi kuifungua.

Meno nayo alifungua bamba lake. Katikati ya safu kulikuwa na vumbi la uzi lililokandamizwa kwa miaka mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Alilitoa kwa sindano ya zamani, likatoka refu, zima. Lilikuwa na rangi zote: nyekundu, kijani, bulu, njano. Nilijua zile rangi. Ile njano ilikuwa ya nguo ya arusi ya yaya wangu. Nililiomba, nikalitia ndani ya saki. Papa fundi alinitazama lakini hakusema neno.

Alichana ukurasa wa pili wa kaye yangu. Matundu yalitembea juu ya mstari wa bulu mpaka karibu na mwisho. Ndipo akarudisha uzi. Kabla ya kutia kaneti aliishika kwa ncha ya uzi wake, ikaning'inia kama buibui. Haikuanguka, alipotikisa mkono kidogo ikashuka kidogo, ikasimama. Alisema hivyo ndivyo uzi wa chini unavyopimwa. Ikishuka yenyewe mpaka chini imelegea, isiposogea hata ukitikisa imebana. Na uzi wa juu usipimwe mguu ukiwa umeinuliwa, maana hapo kibano kimefunguka. Tulishona kipande cha kitambaa. Mstari ukanyoka.

Mimi nilileta macho karibu nikamwambia kwamba bado naona mishono imelala kidogo sana. Alicheka. Alisema mashini za namna hii, nyuzi mbili zinapokamatana ndani ya tundu, lazima ulale kidogo, na kwamba nikitafuta mshono ulionyoka kama mstari wa kaye nitaimaliza mashini kwa turnevisi. "Walimu," alisema, akatikisa kichwa. Alinitoza franka elfu kumi pamoja na sindano tatu, na alikataa kuniuzia ile namba 18.

Bagira nilikwenda siku ya Jumapili. Nilichukua ule ukurasa wa kwanza, wenye matundu yaliyopinda. Yaya alinipa kiti na chai, akazungumza habari za bei ya unga, kama vile hakuna jambo. Hiyo ndiyo adabu yake, na pia ndiyo adhabu yake. Binti alikuwa nyuma ya nyumba anafua. Alikuja, akanisalimu kwa heshima yote, mikono ina povu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, kama ninavyotayarisha somo. Yote yalikimbia. Nilimpa karatasi tu. Aliitazama, akaigeuza, akaiweka juu ya mwanga.

"Bila uzi?" aliuliza.

"Bila uzi."

"Na hakuna aliyeshika?"

"Hakuna."

Alifuata matundu kwa ukucha mpaka yalipovuka mstari. "Nilikuambia, mama mdogo. Nilikuambia mguu unaangalia dirisha."

"Uliniambia. Nisamehe, binti yangu."

Yaya aliacha kukoroga chai. Nilidhani mambo yamekwisha, na kwamba atachukua mfuko wake tuondoke. Lakini binti alisema, kwa sauti ya chini, bila kiburi: "Yule mama alisikia yale maneno. Naye asikie haya."

Wamama wapenzi, kuomba radhi mbele ya mtoto ni jambo moja. Kumwita mteja, mtu mzima, ambaye mtoto wake nitamfundisha mwaka ujao, ili nijishushe mbele yake, nililiona ni kubwa mno. Nilisema nitafikiri. Niliteremka Bagira peke yangu. Usiku ule nilishona kola moja na nikaifumua, si kwa sababu ilipinda.

Siku ya pili nilimwita yule mama. Nilimtuma mtoto Bagira pia. Walipokuwa wote wawili mezani nilieleza: mashini ilianguka, mguu uligeuka, sindano niliinunua mimi, na huyu binti aliona tangu mwanzo, akaniambia, nikamfanyia mzaha. Nikasema mikono yake ina akili kuliko masikio yangu. Binti alikuwa anatazama kopo la pini.

Yule mama alinyamaza kidogo. Nilitegemea atasema si kitu. Badala yake aliniuliza, wala hakuwa na hasira: "Na darasani, mwalimu? Yule anayeandika kwa kupinda, unamwambia nini?"

Nilimjibu kwamba chai itapoa.

Tulifumua shemizi zote nane kwa wembe, usiku tatu, binti upande huu wa taa na mimi upande ule. Kufumua kunachosha kuliko kushona, maana lazima kutoa kila kipande cha uzi ili matundu ya zamani yajifunge kwa pasi na maji. Kwa kazi hiyo nilimlipa kama shemizi mpya. Wakati wa kushona upya niligundua kwamba nami nina ugonjwa wangu, ambao hauponi kwa turnevisi: ninavuta kitambaa kwa nyuma ili kiende mbio. Ukivuta, sindano inapinda kabla ya kushuka na mstari unayumba. Binti alinigonga mkono, taratibu. Alibandika kipande cha sparadra juu ya bamba, sentimita moja na nusu kutoka kwenye sindano, na kuniambia nitazame ukingo wa kitambaa ukifuata sparadra, nisitazame sindano, maana sindano inajua kazi yake. Shemizi za mwisho tulizipeleka Jumapili jioni, masomo yakifunguliwa kesho yake.

Ile karatasi ya matundu sasa iko ndani ya droo ya mashini, na binti ameandika tarehe juu yake. Lile vumbi la uzi nililifunga ndani ya kipande cha kikwembe, nimeliweka humo humo.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza katika mkutano, kabla ya kukaza visi yoyote, chana ukurasa mmoja. Kama hutaki kuchana kaye ya mtoto, binti atapita kwako Jumamosi baada ya saa nane, na turnevisi zake. Siku hizi anazunguka Panzi yote kupima mashini za watu. Anatoza franka elfu tatu, na amenikataza kuahidi kwa niaba yake kwamba atapunguza kwa rafiki zangu.